Tarehe ya Mzee Tordoff

Jumatatu, 6 Oktoba

Kampuni inatutaka sisi mawakili wanafunzi tujaze kitabu cha mafunzo kila Ijumaa: umejifunza nini, umejirekebisha wapi. Humo naandika mambo yenye adabu. Humu nitaandika yaliyotokea.

Leo nimeanza idara yangu ya nne na ya mwisho, kesi za majengo, ghorofa ya saba. Dirisha langu linatazama mfereji na mapaa ya mtaa wa Holbeck, hapa Leeds. Kabla ya Krismasi wabia wataamua nani abaki baada ya Machi na nani aage. Katika idara hii tuko wawili, mimi na Faisal Mirza wa Bradford, na nafasi ni moja. Faisal ameniambia kwenye lifti, "Rowena, tukigombana tugombane kwa heshima. Usinitilie chumvi kwenye chai."

"Chumvi? Mimi nitatia sabuni."

Msimamizi wangu ni mbia, Constance Aldous. Hapa kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, hata wenye kampuni, lakini mdomo wangu umegoma. Humu ataitwa Bi. Aldous. Ana sauti ndogo inayokulazimisha uiname kumsikia, na kalamu ya wino wa kijani. Amenitazama viatu, akasema, "Karibu. Faili ziko kule."

Chini yake yupo Dominic Farrar, wakili wa miaka tisa. Huyu kanipokea kwa mkate wa bekoni bado wa moto. "Kula kwanza, dada. Akianza kukusahihisha hutapata hamu ya chakula."

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Nimenakili kurasa mia nne na kuzipa namba.

Jumanne, 14 Oktoba

Barua yangu ya mistari kumi imerudi mezani ikiwa kijani kama bustani. Pembeni Bi. Aldous ameandika: "Nani kasema? Lini? Umeona kwa macho yako au umesimuliwa?" Nimeandika upya mara tatu. Mara ya nne alichora mstari mmoja tu, chini ya mkato.

Nilimwuliza Dominic kama kuna mtu aliyewahi kumpendeza.

"Yupo. Alistaafu kabla mimi sijazaliwa."

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo amekuja mteja ambaye sikumtegemea katika jengo hili la vioo. Anaitwa Wilfred Tordoff, ana miaka sitini na minane, anatengeneza vinanda vya kanisani, vile vikubwa vya mabomba. Karakana yake iko Holbeck, chini ya matao ya reli, na yuko pale mwaka wa thelathini na moja. Alifikaje kwetu? Baba yake alikuwa mteja wa kiofisi kidogo kilichomezwa na kampuni hii zamani. "Walinirithi pamoja na makabati," alisema, akacheka mwenyewe. Bi. Aldous naye alitabasamu. Nimeshuhudia.

Shida yake ni hii. Mwenye jengo ni kampuni mpya, inataka kuweka baa na mikahawa. Imempa notisi. Sheria inampa mpangaji wa biashara haki ya kuiomba mahakama impe mkataba mpya, lakini ombi lazima liingie mahakamani kabla tarehe iliyoandikwa kwenye notisi haijapita. Ikipita siku moja, haki imekufa, na hakuna jaji awezaye kuifufua.

"Na tuna nafasi ya kushinda?" aliuliza mzee.

"Nzuri," akasema Bi. Aldous. "Hawana sababu ya kutosha kukutoa."

Mzee alishusha pumzi kama mtu aliyeteremsha mzigo begani. Alipokuwa akiondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, migumu kama mbao. "Asante, binti. Sasa nitalala."

Dominic alinipa notisi niingize tarehe kwenye kalenda ya idara. Nimeingiza. Kazi ya kuihakiki ni yake. Aliweka herufi za jina lake, ishara kwamba ameihakiki, akiwa amesimama, koti begani, anamkimbilia mwanawe kwenye kituo cha watoto kabla hakijafungwa.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Kuanzia kesho giza litatukuta kazini.

Jumatano, 5 Novemba

Nilikwenda Batley kwa mama kutazama fataki za kila tarehe 5 Novemba uwanjani. Mama ni mpishi wa shule, na kila anayekutana naye lazima aelezwe. "Huyu ndiye yule wangu. Yuko Leeds, jengo lile refu la vioo." Muuza soseji aliniomba ushauri kuhusu uzio wa jirani yake. Mama alisimama pembeni, mikono kifuani, kama mtu anayetazama televisheni.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilimpigia Mzee Tordoff kuomba ramani ya karakana. Ilichukua dakika mbili. Dakika kumi na tano zilizobaki nilisimuliwa habari za goti lake na za panya waliozaa ndani ya bomba la kinanda kule Ilkley, hata kila mhubiri akimaliza sala kinasikika kitu kinalia. Nilicheka mpaka Bi. Aldous akainua macho nyuma ya ukuta wa kioo wa ofisi yake. Ramani italetwa Jumatatu.

Jumatano, 12 Novemba

Ukungu. Nimekula supu ya dengu. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 14 Novemba

Nitajaribu kuliandika kwa mpangilio.

Leo saa tano asubuhi nilikuwa naandaa ombi la Mzee Tordoff. Kalenda ilisema siku ya mwisho ni tarehe 21. Nilijipongeza kwamba nimeanza mapema, nikapanga nilipeleke mahakamani Jumatatu. Nikaifungua notisi ili niiambatanishe, na macho yakatua kwenye tarehe.

12 Novemba.

Nikafikiri ni notisi nyingine. Nikafikiri labda ni mwezi mwingine. Nilienda chooni, nikanawa uso, nikarudi, na bado ilikuwa kumi na mbili. Nilikuwa nimegeuza tarakimu. Moja na mbili, mbili na moja. Haki ya mzee ilikufa juzi, wakati mimi nakunywa supu.

Nilimwendea Dominic kwa sababu Bi. Aldous alikuwa mahakamani York mpaka jioni. Nilimwekea notisi mezani, nikaelekeza kidole. Alitazama notisi, akatazama kalenda, akaona na herufi zake pale chini, D.F. Rangi ilimtoka usoni.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Faisal?"

"Hakuna, Dominic. Nimegundua sasa hivi."

Alifunga mlango.  Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea. "Ulimpigia simu wiki iliyopita, siyo? Ulicheka sana. Kumbukumbu ya simu umeandika?"

"Sijaandika. Ilikuwa ramani na panya."

"Basi bado inaweza kuandikwa."

Sikumwelewa. Nilikaa pale kama mjinga mpaka akanieleza taratibu, kama alivyonieleza kila kitu tangu nifike: kwamba mteja anaweza kuwa alisema tusubiri. Kwamba wazee wengi hupenda kuzungumza na mwenye jengo wenyewe kwanza. Kwamba kama kwenye faili kuna kumbukumbu ya tarehe saba inayosema mteja alielezwa tarehe akaomba tusiende mahakamani, basi hakuna aliyekosea.

"Isipokuwa yeye," nilisema.

"Rowena, sikiliza. Wewe ukipatwa na jambo hili sasa hivi, hujaidhinishwa hata siku moja. Wataandika barua. Itakufuata kila mahali. Mimi ninasubiri kura ya ubia mwezi Januari, mke wangu anajifungua Februari. Mzee ana miaka karibu sabini. Angefunga karakana tu."

Aliisema hiyo ya mwisho bila kunitazama.

Saa tisa nilirudi kutoka maktaba nikakuta karatasi juu ya kiti changu, imegeuzwa uso chini. Ilikuwa kumbukumbu ya simu, imechapwa vizuri, tarehe 7 Novemba, na jina langu. "Mteja ameelezwa siku ya mwisho. Amesema tusubiri." Palibaki sahihi tu.

Sikutia sahihi. Sikuichana pia. Niliiweka kwenye mkoba nikaondoka mapema, na kwenye treni nilikaa nimeukumbatia mkoba ule kana kwamba ndani yake kuna kitu kinachoweza kumwagika.

Jumamosi, 15 Novemba

Batley. Mama amenunua fremu ya cheti ambacho bado sijakipata. Ameitundika ukutani ikiwa tupu, "ili ukuta uzoee."

Ujumbe kutoka kwa Dominic: "Umeiona karatasi?" Sikujibu.

Jumapili, 16 Novemba

Sijala. Mama anadhani nina mafua, ananipa chai ya limau. Nimejaribu kufikiria Mzee Tordoff anaambiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema tusubiri. Angeamini. Hilo ndilo linalonitisha. Angekaa pale na goti lake akijaribu kukumbuka ni saa ngapi alisema, na mwisho angekubali kwamba uzee umeanza kumharibu kichwa.

Jioni nilisikia mama akimwambia jirani kwenye simu, "Anachoka, maskini. Wanamtegemea sana kule."

Jumatatu, 17 Novemba

Nilifika saa moja na nusu. Bi. Aldous huwa wa kwanza. Nilisimama mlangoni.

"Nimekosea tarehe ya Tordoff. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatano. Imepita."

Nilikuwa nimeandaa sentensi nyingine kumi na zote zilipotea. Aliweka kalamu chini. Akaniomba notisi, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kisha akafungua kalenda akaona herufi D.F.  Nilitegemea ile sauti ndogo inikate vipande. Akaniuliza, "Umekula?"

"Hapana."

"Kaa." Alitoa biskuti za shayiri kwenye droo, akanisukumia pakiti nzima. "Uligundua lini?"

"Ijumaa saa tano."

"Leo ni Jumatatu."

"Ndiyo."

Alisubiri.  Akachukua simu, akampigia mkuu wa kampuni, kisha watu wa bima, kisha mawakili wa mwenye jengo kuwaomba wakubali ombi lililochelewa. Walijibu baada ya dakika tisa, kwa heshima nyingi, kwamba hapana.

"Sasa tunakwenda kumwambia," alisema Bi. Aldous, akavaa koti.

"Kwa simu si—"

"Mtu hapokonywi karakana yake kwa simu."

Tulitembea, kwa sababu ni mwendo wa dakika ishirini. Manyunyu. Bi. Aldous hakufungua mwavuli wake.

Sikuwahi kufika pale. Matao matatu ya matofali, na ndani mabomba yamesimama kila mahali, mengine membamba kama kalamu, mengine yananipita kimo mara mbili. Harufu ya gundi na mbao. Mzee alikuwa amevaa aproni, analipuliza bomba moja dogo na kulisikiliza. Alifurahi kutuona. Hilo sitalisahau, kwamba alifurahi, akaanza kutafuta vikombe.

"Bwana Tordoff," alisema Bi. Aldous, "usitupikie chai mpaka utusikie." Akamweleza. Hakupamba. Alisema kampuni yetu imekosa siku ya mwisho, haki ya kuomba mkataba mpya imepotea, kosa ni letu lote na si lake hata kidogo. Kwamba hatuwezi kumshauri kuhusu kosa letu wenyewe, kwa hiyo atafute wakili mwingine, na gharama ya wakili huyo tutalipa sisi.

Treni ilipita juu. Mabomba yote yakatoa mlio mdogo. Mzee alingoja ipite.

"Kwa hiyo natoka."

"Wasipobadilisha nia, ndiyo. Karibu mwezi Mei."

"Nani aliandika tarehe?"

Bi. Aldous alifungua mdomo. "Kampuni—"

"Mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyeandika. Niligeuza tarakimu. Samahani sana, mzee."

Alinitazama. Nilitamani anitukane.

"Tulizungumza Ijumaa ile," alisema. "Tulicheka na mambo ya panya."

"Ndiyo."

"Na tarehe ilikuwa bado haijapita?"

"Ilikuwa bado siku tano."

Alitikisa kichwa polepole. Alilitazama lile bomba mkononi, akaliweka juu ya kitambaa kwa uangalifu, kama analaza mtoto. "Mimi nikikosea bomba moja, kanisa zima linanisikia Jumapili. Nyinyi mnakosea, na anayesikia ni mimi peke yangu." Kisha akasema, bila hasira, na hapo ndipo machozi yalinitoka, "Nendeni sasa. Nataka kuketi kidogo."

Wakati wa kurudi Bi. Aldous alisimama juu ya daraja la mfereji.

"Kuanzia Ijumaa saa tano mpaka leo asubuhi, ulikuwa peke yako na jambo hili?"

Sikujibu.

"Rowena, siulizi kwa udadisi. Ukinijibu, nitalazimika kufanya kitu. Ukinidanganya, pia nitalazimika."

"Naomba mpaka kesho."

Alitazama maji. Nilidhani atakataa. "Saa tatu," alisema. "Hata dakika moja zaidi, hapana."

Nilimkuta Dominic saa kumi, giza likianza kuingia, amekaa kwenye benchi nyuma ya jengo bila koti. Alishajua, jengo zima lilishajua.

"Ungeniuliza kwanza kabla ya kwenda kwa Constance."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo." Akacheka kicheko kibaya. "Karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Ichane."

"Sichani, Dominic."

"Kwa hiyo umeamua kunimaliza."

"Ameniuliza kama nilikuwa peke yangu. Nimeomba mpaka kesho saa tatu. Sikujiombea. Nitangulie kwake wewe. Ukimwambia mwenyewe ni jambo moja. Akilisikia kwangu ni jambo lingine."

"Ushakuwa wakili wangu sasa?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuzungumza na makarani wa mahakama. Ulinifundisha kusoma mkataba kuanzia mwisho. Ungekuwa mtu mbaya ningeshamwambia palepale darajani."

Alifunika uso kwa viganja. Bata wa mfereji wakaja wakidhani tuna mkate. "Nilitia herufi zangu bila kuangalia," alisema ndani ya viganja. "Kama ningeangalia sekunde mbili. Sekunde mbili tu, Rowena."

"Najua."

"Hujui. Wewe una mwaka mmoja na nusu wa kupoteza. Mimi nina tisa."

 

Jumanne, 18 Novemba

Nilifika saa mbili. Mkono ulikuwa kwenye mkoba, kwenye ile karatasi. Saa mbili na nusu hakuna. Saa mbili na dakika arobaini hakuna. Faisal alikuja akaniwekea chai mezani. "Haina sabuni," alisema kwa upole. Akarudi kwenye meza yake.

Saa tatu kasoro kumi lifti ilifunguka, Dominic akatoka amevaa suti yake ya mahakamani. Hakunitazama. Aligonga kioo cha Bi. Aldous, akaingia, akafunga mlango.

Sikusikia neno. Niliona tu mgongo wake, na jinsi Bi. Aldous alivyosimama ghafla, na kisha alivyoketi tena taratibu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alikusanya picha ya mwanawe, kikombe, koti. Aliposimama mezani kwangu nilidhani atanitukana mbele ya ghorofa nzima.

"Kesho kuna ile kesi ya Harrogate," alisema. "Karani wa pale ni mkali, umpelekee nakala tatu, siyo mbili."

Akaondoka.

Bi. Aldous aliniita. Nilimpa karatasi. Aliisoma mara moja akaitia kwenye bahasha. "Alisema umempa usiku mmoja," alisema. "Alisema hakulala, na kwamba alikushukuru saa kumi na moja alfajiri, siyo kabla ya hapo." Akashika kalamu yake ya kijani, akaizungusha vidoleni. "Nami nina langu la kuandika. Kalenda ni ya idara, na mkuu wa idara ni mimi. Niliwaacha watu wawili waliochoka wakihakikiana."

 Niliuliza kama niandae nakala tatu.

"Nne," alisema.

Jumatatu, 24 Novemba

Baridi ya kwanza ya kweli. Sasa kila tarehe inasomwa kwa sauti na watu wawili walioketi. Faisal anazisoma kama mtangazaji wa mpira.

Jumanne, 2 Desemba

Wakili mpya wa Mzee Tordoff ameandika. Bima yetu itabeba gharama za kuhama na hasara yake, na mwenye jengo amekubali akae mpaka Juni. Amepata jengo Pudsey, kanisa dogo la matofali lililofungwa. Bi. Aldous aliniletea barua ile mwenyewe mezani, akasimama nikiisoma. "Dari liko juu," alisema. "Mabomba yatasimama."

Nimempenda yule mwanamke, na sijui ilianza lini.

Alhamisi, 11 Desemba

Nilikutana na Dominic soko la Kirkgate, mbele ya wauza samaki, anasukuma mtoto kwenye kigari. Sote wawili tulitafuta mahali pa kukimbilia, hapakuwepo.

Alisema ameacha kazi kabla hawajamwachisha. Kampuni imempeleka kwa wasimamizi wa mawakili, kama inavyopasa, na kikao ni majira ya machipuko. Anaweza kufutwa kwenye orodha ya mawakili. Anaweza kusimamishwa tu, kwa kuwa alijitokeza mwenyewe. "Kwa sasa napika," alisema. "Mke wangu anasema bora nirudi kwenye sheria."

Nilicheka, kisha nikaogopa kwamba nimecheka.

"Cheka tu, dada." Alimfunga mwanawe kofia. "Unajua nilichokuwa nakiogopa? Kura ya Januari. Sasa hata sikumbuki majina ya waliokuwa wapige kura." Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Nilikuwekea karatasi ile kwenye kiti kwa sababu nilikuona unanipenda. Hilo ndilo linalonitia aibu."

Mtoto alianza kulia. Akanunua samaki wake akaenda.

Jumatano, 17 Desemba

Wabia wamekaa. Nafasi ni ya Faisal. Anastahili, nami nimemkumbatia kwenye lifti mpaka watu wa ghorofa ya tatu wakakataa kuingia.

Bi. Aldous aliniambia yeye mwenyewe, mlango umefungwa. "Nilikupigia kura. Tulishindwa, tisa kwa wanne." Kisha akanipa fomu ya kuidhinishwa kwangu, tayari ameijaza. Penye kipengele kinachouliza kama msimamizi ana shaka yoyote kuhusu uaminifu wa mwanafunzi, ameandika neno moja: Hapana. Chini yake amepiga mstari, kwa kijani.

Nilitoka nikaenda kulia chooni, kilio kizuri.

Jumatatu, 22 Desemba

Usaili Keighley, ofisi ya mawakili wanne, juu ya duka la viatu. Waliniuliza kwa nini kampuni kubwa haikuniweka. Niliwaambia yote: tarakimu, karatasi, karakana. Nilizungumza mpaka chai yao ikapoa. Mwenye ofisi, mama mmoja mwenye kikohozi, aliniuliza naweza kuanza lini. Nimesema Aprili.

Jumatano, 24 Desemba

Batley. Barafu kwenye vioo. Mama anamenya viazi vya kesho, mimi nachambua kabichi ndogo, zile za ukubwa wa ndimu, redio inaimba. Nilikuwa nimebeba maneno haya tangu Novemba.

"Mama, kampuni haikuniweka."

Kisu kilisimama.

"Nimepata kazi Keighley. Ofisi ndogo. Iko juu ya duka la viatu."

"Duka la viatu," alisema. Alitazama ukutani, kwenye ile fremu tupu. Nilimwona akipita kichwani mwake mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, wote aliowaambia. "Umewafanya nini, Rowena? Au wao ndio wamekufanya nini?"

Nikamweleza. Sikuruka kitu. Nilimweleza juu ya tarehe kumi na mbili na ishirini na moja, juu ya karatasi niliyokuja nayo hapa nyumbani ikalala chini ya kitanda changu, wakati yeye ananipa chai ya limau. Nilimweleza juu ya mzee aliyeanza kututafutia vikombe. Sikuweza kumtazama, niliendelea kuchambua majani mpaka kabichi zikabaki ndogo kama gololi.

 Mama alifuta mikono kwenye aproni, akazima redio. Nikajiandaa.

"Huyo mzee," alisema. "Ana mahali pa kwenda?"

"Anapo. Pudsey. Kanisa la zamani. Dari lake liko juu."

"Lina joto?"

"Sijui, mama."

"Ujue," alisema, akarudi kwenye viazi vyake. "Likizo ikiisha, nenda ukaangalie kama lina joto."